Figa la Kwanza

Ukifika upande wa mashariki wa ziwa Kitangiri ukauliza habari za Rahabu binti Simeoni, wenyeji watakuonyesha maji kwanza, ndipo wakuonyeshe kaburi. Mama huyo aliishi mtumbwini. Hakukosa kiwanja, na wazimu hakuwa nao, ingawa wako waliopenda kusema hivyo ili walale vizuri. Akili zake zilikuwa timamu, na darasa la nne alilimaliza kwa wamisionari akiwa mbele ya wavulana wote.

Mtumbwi wenyewe ulikuwa wake. Baba yake, Simeoni, alikuwa fundi, na kila mtumbwi wa mbao uliokuwa ukielea pale kabla ya Uhuru, kama si yeye aliyeutengeneza basi aliuziba nyufa zake kwa pamba na lami. Wa Rahabu aliutengeneza kwa mninga mtupu, mpana kuliko mingine, akampa bintiye siku anaolewa. Watu walicheka. Binti wa watu hupewa kinu, hupewa mitungi, huyu anapewa mtumbwi! Simeoni akaendelea kuupaka lami.

Aliyemwoa ni Ignas. Alikuwa mwanamume mzuri wa sura na mzuri zaidi wa maneno, wa aina ile anayekusimulia ulichofanya wewe mwenyewe jana, ukaona kumbe ulifanya jambo kubwa. Walijenga tembe lao karibu na ukingo wa ziwa, wakalima mtama na uwele, wakavua perege na kambale, wakawakausha na kuwapeleka mnadani. Mungu aliwapa mtoto mmoja tu, Martha, ambaye alikua akaolewa Iguguno. Jirani yao alikuwa Anastazia.

Huyu Anastazia si wa kupita haraka. Yeye na Rahabu walifundishwa katekisimu benchi moja. Walitwanga kwenye kinu kimoja, huyu akiinua mchi na huyu akiushusha wake. Martha alipozaliwa, mikono iliyompokea ni ya Anastazia. Anastazia naye alipofiwa na mumewe, ni Rahabu aliyemshika kiunoni asijitupe kaburini. Tangu hapo Anastazia alikaa na mdogo wake, Theodora, msichana mrefu, mpole, aliyekuwa akitumwa mara kwa mara kuja kuomba kitoweo. Rahabu alikuwa akimchagulia samaki mnono kwa mkono wake mwenyewe.

Ikaja Operesheni. Mwaka ule njaa ilikuwa imetangulia, watu wanakula unga wa njano wa msaada na kuulalamikia tumbo likiwa limeshiba. Mkutano uliitishwa uwanja wa shule, tukaambiwa sote tunahamia kijiji cha ujamaa cha Ukombozi, kule juu, mbali na maji. Kila mtu atapewa kiwanja kwenye mstari ulionyooka. Zahanati itakuja, bomba litakuja. Atakayebaki, malori yatamfuata, na tembe lake litaezuliwa.

Watu wa ziwani waliinamisha vichwa. Ukombozi ukiondoka alfajiri unafika majini jua limepanda. Samaki utamvua saa ngapi, utamkausha saa ngapi?

Ndipo Ignas akaja na maneno yake. Rahabu alikuwa amekaa kizingitini akipara samaki.

"Mama Martha, nimewaza."

"Ukiwaza wewe mimi huwa nachoka. Sema."

"Wanahesabu nyumba. Umewasikia? Nyumba, nyumba, nyumba. Mtumbwi hawakuutaja hata mara moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tuhamie mtumbwini. Siku zote. Tunalala humo, tunapika humo, tunazeeka humo. Waje waezue maji!"

Rahabu alicheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. "Na kiboko?"

"Kiboko si anatujua? Sisi ni majirani wa siku nyingi."

"Na mvua?"

"Nitaweka kibanda katikati, fito na mikeka. Mama Martha, baba yako aliutengeneza mpana vile kwa nini? Mzee aliona mbali."

Hapo alimgusa mahali pake. Lakini Rahabu hakuwa mtu wa kuchukuliwa na neno moja. Siku nyingi alizunguka na wazo lile kama mtu mwenye mgeni asiyemwelewa. Alipanda mtumbwini mchana, akajaza mchanga kwenye kasha, akawasha moto juu yake, akapika ugali, akautazama ukiiva huku maji yakimtikisa. Uliiva. Akajilaza chini ya mkeka akasikiliza mbao. Akawaza kuku wake, akawaza ghala lake la mtama, shamba lake la kunde alilolifungua mwenyewe kwa jembe la mkono. Akawaza uzee, magoti, kupanda na kushuka. Akawaza kwamba mwanamke asiye na ua wa kufagia asubuhi sijui huianza siku kwa kitu gani. Kisha akawaza Ukombozi, mstari ulionyooka, yeye amekaa juu ya kilima akilitazama ziwa kama mtu anayetazama harusi ya wengine. Moyo ukaegemea majini.

Lakini palikuwa na jambo la mafiga.

Katika ukoo wa kina Ignas, nyumba si kuta. Nyumba ni mafiga matatu ya jikoni. Wakihama, mwanamume ndiye anayebeba figa la kwanza, analiweka mahali papya kwa mkono wake, na mke anamfuata na yale mawili. Hapo wamehama pamoja. Lakini mwanamke akiyabeba yote matatu peke yake, basi ameachana na mumewe kwa hiari yake, na hakuna wa kumuuliza. Na anayeondoka hivyo huondoka na mafiga yake tu. Shamba na ghala vinabaki. Mume akimfukuza yeye, hapo ni lazima ampe shamba lake na nusu ya chakula, na wazee husimamia. Kila mtoto wa kike aliyeolewa katika ukoo ule aliambiwa habari hizo kabla hajakaribishwa jikoni.

Kwa hiyo siku aliyokubali, Rahabu alimwambia mumewe, "Nimekubali. Ila figa la kwanza ubebe wewe. Mchana, na mtu aone."

"Hivi huniamini, mama Martha?"

"Nakuamini. Ndiyo maana nataka mtu aone."

Ignas akacheka, akasema sawa.

Siku yenyewe pale ukingoni hapakuwa na watu. Wote wamepanda Ukombozi kukata miti na kusafisha viwanja. Rahabu akamwendea Anastazia, ambaye alikuwa bado anafunga mizigo yake, akamwomba aje asimame tu. Hakuona haja ya mtu wa pili. Ukiwa na Anastazia, wa pili wa nini?

Ignas akaingia jikoni, akatoka na figa la kwanza, jeusi, kubwa, amelikumbatia tumboni, masizi yamempaka shati. Anastazia alishika mbavu.

"Shemeji! Leo umeolewa wewe!"

"Nimeolewa na ziwa," akajibu Ignas akihema. "Na mahari nimelipa mwenyewe, mgongo huu!"

Akaingia majini mpaka magotini, akaliweka lile figa juu ya kasha la mchanga. Rahabu akafuata na la pili, akarudi na la tatu. Anastazia akapiga vigelegele peke yake pale ukingoni, mpaka korongo wakaruka. Mchana ule walikula wote watatu mtumbwini, na Anastazia akasema chakula cha majini kina utamu wake.

Wakaishi. Nisiseme uongo, siku zile za mwanzo zilikuwa nzuri. Asubuhi Rahabu alikuwa akifungua mkeka anakuta maji kila upande, akinawa bila kubeba ndoo. Ignas alisukuma upondo akiimba. Tembe lao liliezuliwa wao wakitazama kwa mbali, na Rahabu alilia kidogo, Ignas akamwambia, "Usililie udongo."

Halafu Ignas akaanza kupanda Ukombozi. Mara anakwenda kuwatuliza viongozi wasitume mgambo. Mara anapeleka ungo wa mkewe ukashonwe ukingo, maana kule kuna mzee hodari wa kushona. Mara ameombwa asaidie kupima viwanja. Akawa anakaa huko siku mbili, tatu, juma. Akirudi analeta chumvi na habari, na maneno yake matamu kama kawaida. Rahabu alikuwa akimwekea samaki. Anastazia, yeye, tangu ahame hakushuka hata mara moja.

Siku moja akaja kijana mwanamgambo, akasimama ukingoni akapaza sauti. "Shikamoo mama!"

"Marahaba. Kama umekuja kunihamisha, rudi na lori linaloogelea."

"Hapana mama. Mzee Filipo anakuita. Ukoo umekaa."

Mzee Filipo ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wa kina Ignas. Rahabu alidhani shauri ni la mtumbwi, labda wazee wameona aibu mwana wao kulala majini. Akavaa kitenge chake cha kanisani, akapanda mlima akiyapanga majibu njiani. Alikuwa na majibu mazuri.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye magogo mbele ya nyumba mpya ya Ignas. Nyumba! Rahabu hakujua kama ipo. Imesimama kwenye mstari, imekandikwa, udongo bado haujakauka. Akawaamkia wazee kwa goti, akaonyeshwa pa kukaa. Ignas akasimama. Hakumtazama.

"Wazee wangu," akasema, "nina huzuni. Mke wangu amebeba mafiga, ameniacha. Anaishi mtumbwini kwake, mtumbwi wa baba yake. Mimi nimebembeleza mpaka nimechoka. Naomba ukoo unifungue."

Rahabu hakuelewa mara moja. Alidhani ni utani, ule utani wake. Aligeuka amwone anacheka wapi.

"Ignas," akasema, "wewe ulibeba figa la kwanza."

"Mimi?"

"Shati lako bado lina masizi. Mimi ndiye niliyelifua, hayakutoka."

Mzee Filipo akainua mkono. "Mke wa mwanangu, una aliyeona?"

"Ninaye, baba. Anastazia aliona."

Na alisema hivyo kwa furaha kabisa, akaegemea nyuma kama mtu aliyeshatua mzigo. Akamwona Anastazia ametoka upande wa wanawake, anatembea polepole, anavuta pindo la nguo yake.

"Anastazia," akasema mzee Filipo, "ulikuwepo mafiga yanahama?"

"Nilikuwepo, baba."

"Uliona nani amebeba?"

"Nilimwona Rahabu amebeba."

"Yote?"

"Niliyemwona kubeba ni Rahabu."

"Na Ignas?"

Anastazia alilitazama lile pindo. Alilitazama kama halijui. "Ignas sikumwona."

Wazee wakaguna. Rahabu akainuka bila kuruhusiwa. "Anastazia! Si ulimwambia shemeji leo umeolewa wewe? Si ulipiga vigelegele? Si ulikula perege mkononi mwangu?"

Mtu akacheka nyuma kwa lile neno la kuolewa. Anastazia akasema kwa sauti ndogo, "Mimi sikumbuki."

Ndipo Rahabu akasikia mlio anaoujua. Mlio wa ungo unaopepeta. Ulitoka uani mwa nyumba ile mpya. Aligeuza kichwa, na pembeni mwa ukuta akamwona Theodora amechutama, anapepeta mtama, na ukingo wa ule ungo una uzi mwekundu alioushona yeye Rahabu mwaka Martha anaolewa. Theodora alipoona ametazamwa, aliuweka ungo chini taratibu, akavuta nguo kufunika tumbo. Lakini lilikuwa limeshaonekana.

Rahabu akaketi. Walioshuhudia wanasema hakulia wala hakutukana. Alimtazama Anastazia tu, na hakumwondolea macho mpaka baraza lilipokwisha.

Mzee Filipo akatoa neno la ukoo kama linavyotolewa. Aliyebeba mafiga ameondoka. Shamba la kunde ni la nyumba. Ghala ni la nyumba. "Na wewe, mwanamke, mafiga yako yako mtumbwini, basi kwako ni mtumbwini."

"Umesema kwangu ni mtumbwini, baba?"

"Nimesema."

"Nimesikia."

Ungo wake hakuudai.

Martha alipopata habari alikuja kutoka Iguguno amebeba unga na hasira. Akamkuta mama yake anaziba ufa kwa pamba.

"Mama, twende nyumbani. Utakaaje hapa peke yako na viboko?"

"Niende nikakae kwa mkwe wangu? Nile nimejificha nyuma ya mlango asinione mdomo? Nikohoe kwa ruhusa?"

"Tutakujengea kibanda chako."

"Na mafiga?"

"Tutayabeba mimi na wewe, mama. Kwani mawe ni nini?"

Hapo Rahabu aliacha kuziba. Martha akadhani amekubali, akaanza kukunja mikeka.

Maana hilo ndilo lililokuwa likimla Rahabu tangu ashuke ule mlima. Alitaka kwenda. Magoti yalikuwa yameanza kuuma, na mtumbwi bila mtu wa pili wa kusukuma ni mzito, na jioni ukimya wa maji ulimkaa kifuani. Lakini alijua akiyatoa mafiga pale kwa mikono yake, kwenda Iguguno au kwenda popote, atakuwa amefanya leo kile walichosema alifanya jana. Uongo wa Anastazia utakuwa kweli, na yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa ameufanya kweli. Figa la kwanza lilikuwa pale juu ya mchanga, mahali pale pale alipoliweka Ignas, halijasogezwa hata upana wa kidole.

"Acha mikeka," akamwambia Martha. "Baba yako alinileta hapa. Alilibeba hilo akaliweka hapo kwa mkono wake. Hapa ndipo alipohamia na mimi. Aliyeondoka nyumbani ni yeye. Mimi siondoki nikamsaidie kusema uongo."

"Mama, nani anajua hayo?"

"Anastazia anajua."

Martha alilia, akarudi kwake peke yake.

Viongozi wa kijiji walishuka baadaye, katibu na mwanamgambo, na kopo la chokaa. Amri ilikuwa kila kaya iwe na namba. Katibu, kijana mcheshi wa kutoka Singida mjini, alisimama ukingoni akijikuna kichwa.

"Mama, nikuweke wapi wewe? Kijijini hupo, na nchi kavu hupo."

"Wazee wenu wamesema kwangu ni hapa. Andika namba."

"Kwenye mtumbwi?"

"Chokaa haijui kuelea?"

Katibu akacheka, akavua viatu, akaingia majini, akaandika namba ubavuni mwa mtumbwi. "Na mwenye nyumba niandike Rahabu?"

"Mwenye nyumba ni aliyebeba figa la kwanza. Andika Ignas."

Yule kijana hakujua habari za ukoo. Akaandika kwa herufi kubwa, IGNAS. Chokaa ilipofutwa na maji, Rahabu akairudia kwa lami ya kuzibia, na lami haifutiki. Basi mtumbwi ukazunguka ziwa zima na jina lile. Wavuvi wa mbali, wasiojua kisa, wakawa wanasema tunakwenda kwa Ignas kununua samaki wakavu, tumelala kwa Ignas mvua ilipotushika. Ignas mwenyewe alishuka siku moja kugomba. Alisimama kwenye matope akipiga kelele jina lake lifutwe.

"Karibu nyumbani, baba Martha," Rahabu akamwambia. "Chakula kipo. Figa lako lipo."

Ignas akarudi alikotoka, watoto wakimfuata nyuma wakiimba kwa Ignas, kwa Ignas.

Lakini usidhani hilo lilimponya. Ignas alikuwa Ignas. Mwanamume kutamani mke mwingine, Rahabu alisema, ni habari anayoweza kuielewa hata kama inauma. Kilichomkalia ni kile kichwa kilichoinamia pindo. Akiwa peke yake mtumbwini alikuwa akimsemesha Anastazia kwa sauti, wavuvi walimsikia. Na mtama alikuwa akiutwanga kwa mchi mmoja, polepole, akiacha nafasi katikati ya pigo na pigo, nafasi ya mchi wa mtu mwingine.

Mwaka mmoja wa masika makubwa, duka la kijiji halina kiberiti na moto umezimika kila nyumba Ukombozi, Anastazia alishuka na kigae cha kuchukulia kaa la moto. Alikuwa amezeeka ghafla. Theodora alishamfukuza kwenye ua wa Ignas, akimlaumu kwa ndoa ile, maana Ignas alikuwa ameanza kutamani mke wa tatu. Rahabu alimwona, akausogeza mtumbwi karibu kwa upondo. Akachukua kigae, akakijaza makaa mazuri, akaweka majivu juu yasizimike. Alimpa kwa mkono, lakini hakumwambia panda.

Anastazia hakuondoka. Mvua inamnyeshea, amekikinga kigae kwa kifua. "Rahabu," akasema, "mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Niliona. Alilikumbatia hivi. Walinibana, mama. Mtoto alishakuwa tumboni, ningefanya nini?"

Rahabu alimwacha amalize. Kisha akasema, "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo. Mzee Filipo bado yu hai, na magogo yale yapo. Kawaambie waliokuuliza."

Akaukita upondo kwenye matope, akasukuma.

Wanasema Rahabu alikaa siku nyingi karibu na ukingo, hatwangi, anautazama mlima, kama anayesubiri mwanamgambo aje tena amwite. Hakuja mtu. Mzee Filipo alikufa kiangazi kilichofuata, na Anastazia alikuwa hajafungua kinywa.

Rahabu alikufa mle mle mtumbwini, uzeeni. Martha alipokuja kumchukua akazikwe nchi kavu, alikuta mafiga yamesimama juu ya mchanga, na lile la kwanza limezungushiwa lami mpaka chini ya kasha, limeshikana na mbao za babu yake. Wanaume walilisukuma wakashindwa. Wakauvuta mtumbwi mzima mpaka majanini, wakauacha nalo ndani.